Upepo Hauna Hati

Mwezi wa nane hapa Tunduma ni mwezi wa vumbi. Upepo unaamka kabla ya watu. Unapita katikati ya malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, unapigapiga maturubai, unawafanya wabadilishaji pesa wakumbatie kwacha zao kama watoto wachanga. Mama ntilie wanafunika masufuria. Sie tuliozaliwa hapa hatuushangai tena. Tunafumba macho, tunatema mchanga, maisha yanaendelea.

Siku moja kijiweni kwetu, utingo mmoja aliyekuwa amerudi safari ya Nairobi alituambia kwamba juu ya vilima vya Ngong ameona mapangaboi makubwa, marefu kuliko mnara wa simu, yanazungushwa na upepo na kutoa umeme. "Hata hapa watakuja tu," akasema. "Upepo wote huu uende bure?" Tulicheka. Mzee mmoja akatia neno kwamba upepo ukianza kuuzwa, basi na kivuli cha mti nacho kitauzwa.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia bibi. Nilitegemea atacheka. Wapi! Aliweka chini ungo wake wa maharage akaniuliza: "Upepo ni wa Mungu, mjukuu wangu. Hizo nguzo zenyewe wanazisimika kwenye shamba la nani?"

Swali hilo halikutoka hewani. Wiki mbili kabla, mtu mgeni mwenye viatu vizuri alikuwa amemfuata baba mdogo akitaka kununua kipande chetu cha mlimani, heka tatu, nje kidogo ya mji. Hakusema anataka kukifanyia nini. Baba mdogo alikwishaanza kupiga hesabu za bajaji mbili. Bibi hakutaka. Mjini maneno yalikuwa mengi: mara laini kubwa ya umeme inapita, mara wawekezaji, mara barabara. Ndipo bibi akanipa kazi. "Wewe ndiye uliyesoma. Kabla hatujamjibu huyo mtu, kasome uje unieleze. Ardhi hii imepitiwa na mambo gani, na huo upepo wa watu una habari gani."

Ndugu msomaji, mimi nimeishia kidato cha nne. Riwaya yangu bado imelala kwenye kaunta buku chini ya godoro. Sikuwahi kudhani kwamba nitaandika historia. Lakini bibi akituma, hukatai. Haya ndiyo niliyompelekea.

*

Nilianza na mpaka, maana Tunduma bila mpaka si Tunduma.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba uliogawana nchi za watu ambao hawakuwapo mezani. Mstari ukachorwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka njia yao ya mizigo kati ya maziwa hayo mawili, ile waliyoiita barabara ya Stevenson, ibaki upande wao. Ikabaki. Wanyamwanga wakajikuta wako huku na huku: huku Wajerumani, kule Waingereza, leo huku Tanzania, kule Zambia. Mtu mmoja ana shangazi upande wa pili, na kumpelekea unga anavuka nchi.

Mstari ule ulikuwa wa kwanza kutuambia kwamba ardhi inaweza kugawanywa kwa kalamu na mtu ambaye hajawahi kuikanyaga. Wa pili ulikuja upesi. Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani atathibitisha kuwa ana shamba? Mwenye karatasi. Na karatasi alikuwa nazo nani? Si sisi. Walipokuja Waingereza, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliziita ardhi zote za Tanganyika ardhi za umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 wakaongeza kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila zake naye ahesabiwe kuwa na haki ya kukaa. Lakini ilikuwa haki ya kuhesabiwa tu, haikuwa na cheti.

Uhuru ulipokuja Gavana akaondoka, lakini fikra ile ilibaki: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Siisemi kwa ubaya. Kwa sababu yake, hatukuona matajiri wachache wakimiliki nchi nzima. Lakini maana yake nyingine ni kwamba mimi na wewe hatumiliki udongo. Tunamiliki haki ya kuutumia, na haki hiyo ina masharti.

Masharti hayo yalikuja Tunduma yakiwa marefu na membamba, kama kamba.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa. Ikahitaji njia ya kwenda baharini kupitia kwetu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikajengwa kwa lami. Halafu kati ya 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976. Mji wetu ulizaliwa mara ya pili hapo. Bila barabara na reli, baba yangu asingeuza hata pipi.

Lakini kila kamba ilikuja na eneo lake. Kando ya bomba usichimbe. Kando ya reli usijenge. Kando ya barabara, hifadhi ya barabara. Na pale kwenye mstari wenyewe wa mpaka usiweke kitu. Ukizijumlisha zote, utaona kwamba Tunduma ni mji ulioshonwa kwa makatazo, na watu tumejibanza kwenye nafasi zilizobaki katikati.

Nami nakumbuka alama ya X. Nilikuwa mdogo. Barabara kuu ilikuwa na hifadhi ya mita 22.5 kila upande tangu zamani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaipeleka mita 30. Kote nchini rangi zikaanza kuongea: X ya kijani maana yake barabara imekufuata, unastahili fidia, X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, vunja mwenyewe. Kibanda cha baba kilipata nyekundu. Baba alisema alijenga kabla ya kanuni, wao wakasema alete karatasi. Hakuwa nayo. Alikivunja mwenyewe Jumapili asubuhi ili aokoe mabati, na mimi nilishika misumari kwenye kopo la maziwa. Simlaumu mtu hapa. Nasema tu kwamba hapo ndipo nilipojua tofauti ya kuwa na kitu na kuwa na ushahidi wa kitu.

*

Kile kipande cha mlimani kina habari yake.

Babu alikirithi kwa baba yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, si hiari tena, na kazi hiyo iwe imekamilika mwaka 1976. Bibi anasema walihamishwa msimu wa mvua, yeye akiwa na watoto wawili na mbuzi mmoja. Waliletwa karibu na barabara, wakapimiwa heka moja moja. Mlimani pakabaki majani na ng'ombe wa watu. Miaka ya themanini, amri zilipolegea, babu akarudi kulima kule juu. Hakuna aliyempinga, maana hakuna aliyekuwa amegawiwa pale. Hajawahi kupewa karatasi.

Nilipofika kwenye sheria za 1999 nikakuta jambo lililonifanya nisome mara mbili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa vijiji kati ya 1970 na 1977. Yaani aliyegawiwa shamba la mwenzake wakati ule ni halali, na yule wa zamani asilidai tena. Serikali haikuwa na jinsi, ingekuwa kesi nchi nzima. Kwetu sisi jambo hilo lina pande mbili. Heka moja ya chini ni yetu kwa sababu tuligawiwa. Heka tatu za juu ni zetu kwa sababu tumezilima miaka zaidi ya thelathini na majirani wanajua. Basi. Majirani wakifa, ushahidi unakufa.

Sheria hiyohiyo ina mambo mazuri ambayo vijana wengi wa kijiweni hatuyajui. Inampa mwanakijiji hatimiliki ya kimila. Inasema Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na uwekezaji wenye manufaa kwa taifa umo humo. Lakini kwanza wanakijiji waelezwe. Eneo likiwa dogo, lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na uhamishaji usifanyike mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa vikubaliwe. Mkutano mkuu si halmashauri ya kijiji yenye watu ishirini na tano. Ni watu wazima wote: bibi yangu, muuza mkaa, hata yule mlevi wa kwa mangi.

Hapo sasa pana mtego. Tunduma inakua. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini watu na biashara viliendelea kumiminika hapa. Mji unapomeza kijiji, kijiji kinaitwa mtaa. Tunashangilia: tumekuwa wa mjini! Kumbe ardhi nayo imebadilika jina. Imetoka mikononi mwa sheria ya vijiji ikaingia ya mjini, na mkutano wa mtaa haukupewa yale madaraka ya mkutano mkuu wa kijiji juu ya ardhi. Unapata taa za barabarani, unapoteza kura.

*

Sasa upepo.

Niliuliza, kwa nini hawa watu wa umeme wanaugombania mlima mmoja wakati upepo upo kila mahali? Jibu liko kwenye hesabu. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu iliyomo haizidi mara mbili, inazidi mara nane. Kwa hiyo sehemu yenye upepo kidogo zaidi ya jirani yake inaleta pesa nyingi zaidi, na sehemu hizo si nyingi: migongo ya vilima, mapengo ya milima, nyanda za juu zilizo wazi. Ndizo zilezile ambazo wenyeji wanachungia au wanalima mbegu zao bora.

Tena nguzo yenyewe haili ardhi kubwa. Msingi wake ni kama kiwanja cha nyumba. Lakini nguzo haziwezi kubanana, moja isije ikamnyima nyingine upepo. Huachana mara kadhaa ya upana wa mapangaboi yake. Zinataka barabara za kupitisha malori makubwa, zinataka laini ya kuuchukua umeme, na zinataka umbali na nyumba za watu, kwa sababu ya mlio na kivuli kinachozunguka. Kwa hiyo mtu anaweza kukuambia "tutachukua kidogo tu" akawa hasemi uongo, na bado shamba lako lote likawa na masharti.

Kenya wametutangulia, basi nikaenda kusoma yao.

Pale Ngong mitambo ya kwanza ilisimama mwaka 1993, kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Ilikuwa michache, kama kujaribu. Mwaka 2009 KenGen ikaweka mingine, na baadaye ikaongeza hadi megawati 25.5. Ndiyo ile aliyoiona utingo wetu.

Halafu Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Kampuni ilitaka kujenga mitambo 38, megawati 60.8. Pesa zilikuwapo, mkataba ulikuwapo. Lakini Kinangop si pori. Ilikuwa ardhi ya walowezi wa Kizungu, na miaka ya sitini wakulima Waafrika waliwekwa humo kwa mipango ya makazi, wengi kwa mikopo waliyoilipa kwa jasho. Ni watu wa viazi na kabichi, mashamba madogo, nyumba karibukaribu. Walisikia habari za mlio, za ng'ombe kuharibu mimba, za kuhamishwa. Mengine yalikuwa ya kweli, mengine ya kutiwa chumvi, lakini hofu ilikuwa ya kweli yote: watu waliopata ardhi juzi tu walidhani inaondoka tena. Maandamano yakapamba moto. Februari 2015 mtu mmoja akafa kwa risasi. Mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hakuna pangaboi hata moja lililozunguka.

Halafu Turkana. Hii ndiyo kubwa. Karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, pamesimama mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Upepo wa kule unavuma kama una deni. Kampuni ilikodishiwa ekari 150,000 na baraza la wilaya la wakati ule, ardhi ambayo Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo wanaitumia kwa malisho. Misingi ya nguzo ni sehemu ndogo mno ya eneo hilo, na wafugaji hawakuzuiwa kuchunga katikati yake. Lakini mwaka 2014 wananchi walikwenda mahakamani wakisema: hatukuulizwa. Waliposimamisha nguzo zote, kwa miezi mingi ziligeuka mapambo, kwa sababu laini ya kilomita 428 ya kwenda Suswa ilikuwa haijakamilika. Na moja ya sababu za kuchelewa ilikuwa kupata njia katika ardhi za watu. Umeme ulianza kwenda mwaka 2018. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kusahihisha. Kesi haikuishia hapo. Lakini hebu fikiri: mitambo 365 inazunguka, nchi inaitegemea, na ndipo mahakama inauliza swali la bibi yangu. Kwenye shamba la nani?

Si kila mahali pameharibika. Kipeto, kaunti ya Kajiado, kuna mitambo 60, megawati 100, tangu 2021. Pale familia za Kimaasai zilikuwa na hati zao baada ya ranchi kugawanywa. Kampuni ilibidi ikodi kwa familia moja moja, ng'ombe wakaendelea kula majani chini ya nguzo, na asilimia 5 ya hisa ikawekwa kwenye mfuko wa jamii. Sisemi ni peponi. Nasema mazungumzo yanakuwa mengine pale ambapo kila upande wa meza una karatasi.

Baba mdogo aliponisikia nikisoma haya alisema, "Kumbe dawa ni kukataa tu. Tuweke sheria, nguzo zisikaribie." Nikamwambia hata kukataa kuna bei yake. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, liliweka sheria mwaka 2014 kwamba mtambo ukae mbali na nyumba mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200, nenda kilomita mbili. Katika nchi iliyojaa vijiji, panabaki wapi? Ujenzi ukadorora. Poland wakafanya hivyohivyo 2016, wakaja kulegeza 2023 hadi mita 700. England waliweka masharti mwaka 2015 ambayo karibu yazuie kabisa mitambo mipya ya nchi kavu, hadi serikali nyingine ilipoyaondoa Julai 2024. Kote huko watu walipata utulivu wa macho, na umeme wakautafuta kwingine kwa bei nyingine. Sheria ya ardhi ni kama chumvi ya mboga. Bila chumvi hailiki, na ikizidi hailiki vilevile.

*

Na sisi? Nchi yetu imeishi kwa maji. Mabwawa yakikauka tunaingia gizani. Wazee wanaukumbuka mgawo wa 2006, na sisi tunaukumbuka ule wa 2022. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kupunguza hofu. Lakini maji ni mvua, na mvua haina mkataba. Upepo wa nyanda zetu za juu hupanda kiangazi, wakati mito imeshuka. Mufindi walikwisha kuliona hilo. Mradi wa Mwenga, uliokuwa na mtambo wa maji unaolisha vijiji, uliongeza mitambo mitatu ya upepo mwaka 2020, megawati 2.4. Ni midogo, lakini ipo. Makambako na Singida zimetajwa miaka mingi kwa miradi mikubwa zaidi.

Na ile laini kubwa inayosemwa mjini si uvumi. Ni ya kuunganisha Tanzania na Zambia, kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600. Nayo ni kamba nyingine, yenye eneo lake lisilojengwa. Turkana imetufundisha kwamba upepo bila laini ni mapambo. Kinyume chake ni kwamba laini ikifika, upepo uliokuwa bure unaanza kuwa na thamani. Labda yule mgeni mwenye viatu vizuri alijua hilo. Labda alitaka tu kupanda miti. Sikumuuliza, na hakusema.

Basi jioni moja nilikaa na bibi, baba mdogo na mama, nikawasomea yote. Taa ilikatika mara mbili. Bibi alisikiliza bila kusema, ila nilipofika kwenye mwaka 1973 alitikisa kichwa.

Nilimaliza kwa maneno yangu mwenyewe, nami nayarudia kwako msomaji. Katika kurasa zote nilizosoma, toka Wajerumani hadi Turkana, sikuona mahali ambapo ugomvi ulikuwa wa upepo, au wa bomba, au wa reli. Kila mara ugomvi ulikuwa mmoja: aliyekuja alikuwa na ramani kabla ya kuuliza, na aliyekutwa alikuwa na kumbukumbu bila karatasi. Pale mtu alipoulizwa kwanza, na alikuwa na cha kuonyesha, pangaboi na ng'ombe vilikaa pamoja. Umeme tunautaka. Mimi mwenyewe naandika haya kwa tochi ya simu. Lakini ukisubiri mpaka vigingi vipigwe ndipo uanze kutafuta mashahidi, umechelewa.

Baba mdogo hakufurahi. Alisema historia haijazi tangi la bajaji. Ana haki yake, ana watoto watano. Nilimwambia kama ni kuuza tuuze, lakini tuuze tukijua kinachouzwa, na tuuze kwa jina letu lililoandikwa. Alinyamaza. Kwa baba mdogo, kunyamaza ni nusu ya kukubali, ile nusu nyingine bado tunaidai.

Jumamosi iliyofuata tulipanda mlimani. Bibi alikuwa na fimbo yake, mimi na kaunta buku. Ilibidi nichane kurasa za nyuma za riwaya. Wazee watatu majirani walikuja, na mwenyekiti pia. Tulitembea mpaka hatua kwa hatua: kutoka mstari wa mikonge aliyoipanda babu, hadi jiwe lenye ufa, hadi kichuguu, hadi mkondo wa maji ya mvua. Kila pahali bibi alisimama akasema nani alikuwa jirani wakati ule, na mzee mmoja akaitikia au akasahihisha. Niliandika yote. Wakatia saini, mmoja akatia dole gumba. Nakala moja ikabaki kwa mwenyekiti. Jumatatu mimi na mama tukaenda kuuliza gharama za kupima. Si ndogo. Tumeanza kuchanga, na baba mdogo ametoa elfu ishirini bila kuombwa.

Upepo ulikuwa mkali siku ile mlimani. Karatasi zilitaka kuniponyoka, ikabidi bibi azikanyage kwa fimbo nikiwa naandika. "Andika upesi," akaniambia, "huu haumngoji mtu."